Kuitembea Miji na Vijiji vya Sisilia: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Mombasa

Mwaka 1154, katika kasri la Mfalme Roger wa Pili mjini Palermo, mwanajiografia Al-Idrisi alikamilisha kazi kubwa ya kuieleza dunia iliyojulikana zama zake, na miongoni mwa bandari za mwambao wetu alizozitaja zimo Malindi na Mombasa. Kisiwa alichofanyia kazi hiyo ni Sisilia, kilicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Bahari ya Mediterania, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 25,700 na manispaa 391, kuanzia jiji la Palermo lenye msongamano wa magari hadi vijiji vya milimani ambako wazee hukaa kwenye mabenchi ya uwanja wa mji tangu alasiri hadi jua linapotua. Mtu wa Mombasa anayepanga safari ya Ulaya kwa kawaida hushauriwa aende Roma, Paris au London. Mimi ninamshauri aende Sisilia, na aende kwa utaratibu mmoja tu: achague vituo vichache, akae katika kila kimoja siku kadhaa, kisha aitembelee miji midogo ya jirani, mmoja kwa siku, na jioni arudi kulala pale pale.

Utaratibu huu unatokana na historia ya kisiwa chenyewe. Wafinisia walijenga magharibi, Wagiriki wakajenga mashariki na kusini, Warumi na Wabizanti wakafuata, Waarabu wakashuka Mazara mwaka 827 na kuitwaa Palermo mwaka 831, Wanormani wakaanza kuingia mwaka 1061 na kuumaliza ushindi wao mwaka 1091, na baadaye wafalme wa Hispania wakatawala kwa karne nyingi. Kisha tetemeko la tarehe 11 Januari 1693 likaibomoa sehemu yote ya kusini mashariki, na miji yake ikajengwa upya karibu kwa wakati mmoja, kwa mtindo mmoja wa fahari. Kwa hiyo miji miwili iliyotengana kwa kilomita thelathini huweza kutofautiana kwa mawe ya kuta zake, kwa chakula, kwa lafudhi, na hata kwa namna ya kuabudu. Anayekizunguka kisiwa chote kwa wiki moja ndani ya gari hurudi na picha za makanisa mengi yaliyomchanganyikia kichwani. Aliyelelewa karibu na Mji wa Kale wa Mombasa, ambako Mreno, Mmanga, Mhindi na Mswahili wote wameacha alama zao katika mtaa mmoja, tayari ana jicho la kuzitambua tofauti hizi, na kinachobaki ni kulipatia jicho hilo muda wa kufanya kazi yake.

Maandalizi

Italia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na ubalozi wake uko Nairobi. Maombi ya visa hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla ya kuondoka, ingawa kusubiri hadi dakika za mwisho ni kujitafutia mashaka. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti iwe bado hai kwa miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Andaa barua ya kazini au leseni ya biashara, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi na mpango wa safari unaoonyesha majina ya miji na tarehe zake. Mpango wa vituo vitatu, yaani Palermo, Trapani na Siracusa, mbali na kumfaa msafiri, ni rahisi kueleweka na anayelikagua faili lako.

Tafuta tiketi ya ndege inayokuingiza kupitia Palermo na kukutoa kupitia Catania, kwa sababu miji hiyo imekaa pande mbili za kisiwa na kurudi ulikoanzia ni kupoteza siku nzima. Kutoka Uwanja wa Moi unaweza kupitia Addis Ababa au Istanbul bila kwenda kwanza Nairobi, kisha ukaunganisha, aghalabu kupitia Roma.

Majira yanayofaa zaidi ni kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, na tena Septemba na Oktoba. Msafiri wa pwani huweza kudhani kwamba joto halimtishi, lakini joto la kiangazi la Sisilia ni kavu, mawe hulihifadhi hadi usiku, na mara nyingi hakuna upepo wa kulipunguza. Karibu na Siracusa, tarehe 11 Agosti 2021, kipimajoto kilifika nyuzi 48.8, kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuthibitishwa barani Ulaya. Isitoshe, katikati ya Agosti Waitaliano wenyewe wako likizoni, bei za vyumba hupanda na fukwe hujaa. Hata ukienda Mei, beba koti: miji ya mlimani kama Erice na Enna huwa na ukungu na baridi wakati watu wa chini wanaogelea.

Jifunze Kiitaliano kidogo kabla ya kwenda. Katika miji midogo Kiingereza hakikufikishi mbali, ilhali kwetu mwalimu hayuko mbali, kwani Malindi na Watamu zimejaa watu wanaokizungumza lugha hiyo kila siku kazini. Mwombe ndugu au rafiki wa huko akufundishe salamu, namba, saa, na maneno ya sokoni na ya chakula. Salamu ndiyo ya kwanza. Mtu akiingia dukani Sisilia bila kusema "buongiorno" huonekana vile vile tunavyomwona mtu anayepita barazani kwa watu bila kuwasabahi.

Palermo na majirani zake

Kaa Palermo siku nne au tano, ndani ya mji wa kale au karibu na stesheni kuu ya treni, ili uweze kwenda kwa miguu sokoni na kwenye mabasi. Asubuhi ya kwanza nenda soko la Ballarò mapema, kabla ya saa tatu, wachuuzi wanapokuwa bado wanapanga bidhaa na kuzinadi kwa sauti za kuvuta zinazoongozana kutoka meza hadi meza. Hapo utaona biringani za mviringo, samaki-panga aliyesimamishwa kichwa huku pembe yake ikielekea juu, zeituni ndani ya ndoo, na wauzaji kutoka Bangladesh na Afrika Magharibi waliokuwa sehemu ya soko hilo kwa miaka mingi. Nunua panelle, yaani vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate wa ufuta. Mtu aliyezoea bhajia za kwetu hatahitaji maelezo zaidi.

Baada ya soko, panda hadi Kasri la Wanormani ukaione Cappella Palatina, kanisa dogo alilolijenga Roger wa Pili. Usiridhike kutazama dhahabu ya kutani peke yake. Inua macho uangalie dari ya mbao, iliyochongwa kwa vijumba vidogo vidogo vinavyoning'inia kama sega la nyuki na kupakwa rangi na mafundi wa jadi ya Kiislamu, juu ya kuta zilizopambwa na mafundi wa jadi ya Kibizanti, kwa amri ya mfalme Mkristo aliyetoka ukoo wa kaskazini. Kisha teremka hadi Kanisa Kuu la mji, uzunguke upande wa kusini, na kwenye ukumbi wa kuingilia uitazame nguzo ya kushoto: imechongwa aya ya Qur'ani kutoka Surat Al-A'raf. Wengi hupita hapo haraka bila kuiona, kwa kuwa maandishi yako juu kidogo ya usawa wa macho na jiwe limefifia.

Mwafrika anayefika Palermo ajue pia kwamba mmoja wa watakatifu walinzi wa jiji hilo ni Benedikto Mwafrika, aliyezaliwa kijijini San Fratello na wazazi waliokuwa watumwa kutoka Afrika, akawa mtawa wa Kifransisko na mpishi wa nyumba yao, akafariki Palermo mwaka 1589, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 1807. Kwa Mwislamu, uko msikiti katika mtaa wa Celso, ndani ya mji wa kale, katika jengo lililokuwa kanisa.

Kutoka Palermo zipo safari tatu za siku moja moja ninazozipendekeza. Monreale iko juu ya kilima nje kidogo ya jiji na hufikiwa kwa basi la mjini kutoka Piazza Indipendenza. Kanisa lake lililoanzwa na William wa Pili katika miaka ya 1170 limefunikwa ndani kwa zaidi ya mita za mraba 6,000 za nakshi za vipande vya vioo na dhahabu. Nenda asubuhi, na ukitoka usikose ua wa watawa ulio pembeni, wenye nguzo nyembamba zilizopangwa mbili mbili, kila kichwa cha nguzo kikiwa na mchongo wake. Cefalù iko kwenye njia ya treni, mwendo wa takriban saa moja, na ina ufuo, kanisa lililoanzwa mwaka 1131, na birika la zamani la kufulia nguo ambamo maji ya chemchemi bado yanapita juu ya mawe yaliyolainishwa na mikono ya wafuaji kabla ya kumwagikia baharini.

Safari ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, na wageni wengi huiruka. Piana degli Albanesi ni mji mdogo kusini mwa Palermo, juu ya ziwa, ulioanzishwa mwaka 1488 na Waalbania waliokimbia nchi yao wakati dola ya Uthmaniyya ilipokuwa ikipanuka katika Balkani. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, wajukuu wao bado wanazungumza Kialbania cha kale nyumbani, vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili, na makanisani, ingawa wako chini ya Papa wa Roma, ibada huendeshwa kwa taratibu za Kigiriki na mapadri wanaweza kuwa na wake. Ukiweza, fika siku ya Pasaka, wanawake wanapovaa mavazi ya hariri yaliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na kuteremka barabara kuu kwa pamoja, na baada ya ibada watu hugawiwa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu. Siku za kawaida mji ni mtulivu. Panda basi la asubuhi, tembea barabara kuu hadi mwisho wake, ingia kanisa la Mtakatifu Demetrio, kisha keti mahali upate kuwasikiliza wazee wakizungumza. Hakuna kitu kikubwa cha kuona zaidi ya hapo, lakini kuiona jamii iliyoishika lugha yake katikati ya lugha kubwa kwa muda wote huo ni sababu tosha ya safari, hasa kwetu sisi ambao tuna lugha ndogo ndogo za pwani zinazopungua wasemaji.

Trapani, chumvi na Mazara

Kituo cha pili kiwe Trapani, mji uliojengwa juu ya ulimi mwembamba wa ardhi unaoingia baharini. Basi kutoka Palermo ni njia rahisi zaidi. Siku tatu zinatosha, nne ni bora.

Upande wa kusini wa mji kuna mashamba ya chumvi yanayoenea kuelekea Marsala, yenye vinu vya upepo vilivyotumika kusukuma maji na kusagia chumvi. Aliyepita Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, ataielewa kazi hii mara moja: maji ya bahari huhamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine, yakizidi kuwa mazito kwa jua, mpaka chumvi inapoganda. Tofauti iko katika lundo lenyewe, kwa kuwa hapa chumvi iliyovunwa kiangazi hufunikwa kwa vigae vya udongo ili mvua isiiyeyushe. Nenda saa mbili kabla ya magharibi, jua linapokuwa chini na ndege heroe wakitafuta chakula mabwawani.

Erice iko juu ya Trapani, kwenye mlima wa takriban mita 750, na hufikiwa kwa gari la kamba ambalo husimamishwa upepo ukizidi. Kwa hiyo uliza kwanza hali ya siku hiyo kabla ya kutoka. Vaa viatu visivyoteleza, kwa sababu mawe ya njia zake yamelainika na ukungu huyalowanisha.

Mazara del Vallo ndiyo sababu hasa ya kumfikisha mtu wa Mombasa upande huu. Ni mji wa wavuvi, mmoja wa miji yenye majahazi mengi ya uvuvi nchini Italia, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Watunisia wamekuwa wakivuka kuja kufanya kazi katika vyombo hivyo na kuhamia na familia zao. Walikaa katika mtaa wa kale unaoitwa Kasbah, ambao mpango wake wa vichochoro vinavyopinda na kuishia kwenye nyua zilizofungwa unatokana na zama za Waarabu. Fika kwa treni asubuhi, uanzie bandarini mtoni, kisha uingie Kasbah bila ramani, kwani ni ndogo na huwezi kupotea kwa zaidi ya dakika kumi. Kuta nyingi zimepambwa kwa vigae vya rangi na vyungu. Kumbuka lakini kwamba kichochoro kisichopenya ni ua wa nyumba za watu, na kuingia humo na kamera mbele ni utovu wa adabu huko kama ulivyo Kibokoni. Simama mdomoni mwa kichochoro, salimu aliyepo, na ukikaribishwa ndipo uingie.

Kabla ya kuondoka Mazara, ingia kanisa la zamani la Sant'Egidio, ambalo sasa ni makumbusho. Humo imo sanamu ya shaba ya kijana anayecheza ngoma, kichwa amekirusha nyuma na nywele zinapepea, iliyonaswa na wavu wa wavuvi wa mji huu mwaka 1998 katika bahari iliyo kati ya Sisilia na Tunisia. Mguu wake mmoja ulikuwa umevuliwa mwaka uliotangulia. Mikono haijapatikana.

Chakula cha kutafuta upande huu wote ni kuskusi ya samaki. Wanawake wa Trapani huvinyunyizia maji vipunje vya ngano na kuvizungusha kwa ncha za vidole ndani ya sinia la udongo mpaka vishikamane na kuwa chembe chembe, huzipika kwa mvuke kwa muda mrefu, kisha huzilaza chini ya blanketi zikinywa mchuzi wa samaki wa aina nyingi. Kila Septemba mji wa San Vito Lo Capo hufanya tamasha la kuskusi linalowakutanisha wapishi wa nchi mbalimbali.

Mwenye gari aongeze Gibellina. Mji huo ulibomolewa na tetemeko la Januari 1968 katika bonde la Belice, na wakazi wakajengewa mji mpya mbali na pale. Juu ya magofu, msanii Alberto Burri alimwaga saruji nyeupe iliyofunika mtaa mzima, akaacha mifereji inayofuata njia za zamani, ambamo mtu hutembea kati ya kuta zinazomfika kifuani au kichwani. Nenda asubuhi mapema na uende kimya. Ni mahali watu walipofia.

Siracusa na miji iliyozaliwa na tetemeko

Safari ya kwenda kituo cha tatu ni ndefu, na ni vizuri kuikata Agrigento kwa usiku mmoja ili kuliona Bonde la Mahekalu, ambapo hekalu la Concordia la karne ya 5 KK bado limesimama na nguzo zake zote. Hapo nenda jioni.

Siracusa, kaa Ortigia, kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji kwa madaraja. Kanisa lake kuu ni hekalu la Athena la Wagiriki lililozibwa kuta kati ya nguzo zake: nguzo hizo nene unaweza kuzigusa ukiwa nje upande wa kushoto na tena ukiwa ndani. Hatua chache kutoka hapo, kando kabisa ya bahari ya chumvi, kuna chemchemi ya maji matamu iotayo mafunjo.

Kutoka Siracusa treni hufika Noto, Scicli, Modica na Ragusa, lakini ni chache, na siku za Jumapili hupungua sana, kwa hiyo pima pia mabasi. Miji hii, pamoja na Catania, Caltagirone, Palazzolo Acreide na Militello, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2002 kwa sababu ya namna ilivyojengwa upya baada ya mwaka 1693. Usiitembelee yote. Chagua Noto kwa alasiri moja, wakati mawe yake ya rangi ya asali yanapopokea jua la kushuka, au wikendi ya tatu ya Mei wakati barabara ya Nicolaci inapotandikwa picha za petali za maua. Kisha toa siku nzima kwa Ragusa.

Ragusa ina kisa. Baada ya tetemeko, sehemu ya watu waliamua kujenga mji mpya juu ya uwanda, na wengine wakakataa kuliacha eneo la wazee wao bondeni, wakajenga pale pale. Ikawa miji miwili inayotazamana, ikaja kuunganishwa mwaka 1926. Shuka kutoka basi katika mji wa juu, tembea hadi kanisa la Santa Maria delle Scale, na usimame ukutani: Ibla, yaani ule mji wa bondeni, yote iko chini yako, paa juu ya paa, kuba la San Giorgio likiwa katikati. Kutoka hapo teremka kwa ngazi, si kwa basi. Ngazi hupita chini ya matao, mbele ya milango ya nyumba, kandokando ya vibustani vya ndimu, na mtu mwenye magoti mazima hutumia nusu saa akisimama njiani. Kurudi juu, panda basi bila aibu.

Modica ni ya chokoleti. Kakao husagwa na kuchanganywa na sukari kwa joto dogo, ili punje za sukari zisiyeyuke, ndiyo maana ukiing'ata husikika ikivunjika meno yanapopita. Iko ya mdalasini na iko ya pilipili. Tangu mwaka 2018 jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Bara ya kisiwa, nitaipitia haraka, kwa sababu bila gari ni ngumu. Caltagirone ni mji wa wafinyanzi, na ngazi zake 142 zimepambwa vigae vya nakshi tofauti kila daraja. Nje ya Piazza Armerina kuna jumba la Kirumi ambalo sakafu zake zinaonyesha wanyama wa Afrika wakikamatwa na kupakiwa merikebuni. Mkenya ataitazama sakafu hiyo kwa macho yasiyo ya mgeni mwingine. Ukikodi gari, kumbuka kwamba huko huendeshwa upande wa kulia, beba leseni ya kimataifa, na usiingie katika mji wa kale palipo na kibao cha ZTL, yaani eneo ambalo magari yamezuiliwa, kwani kamera hukupiga picha na faini hukufuata hadi nyumbani.

Saa, adabu na chakula

Ukishuka kwenye basi katika mji wowote mdogo, jambo la kwanza ni kuuliza saa ya basi la mwisho la kurudi na kituo linapopakilia, kwa sababu si lazima kiwe kile uliposhukia. Tiketi za mabasi huuzwa mara nyingi kwenye maduka ya tumbaku yenye herufi T, nayo hufungwa mchana. Nunua ya kurudi mapema. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa ipige muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

Kati ya saa saba na saa kumi mchana maduka na makanisa mengi hufungwa. Usiulaumu mji kwa hilo. Kula, pumzika, kisha toka tena watu wanapotoka. Kuanzia saa kumi na moja familia nzima huvaa vizuri na kutembea barabara kuu kwenda na kurudi, wakisalimiana, na huo ndio wakati ambao mji unajionyesha kwa mgeni. Mkahawa wa kahawa wenyewe huuita "bar", kwa hiyo usiogope kuingia na watoto. Kanisani funika mabega na magoti. Mwenye buibui au kanzu hana la kubadilisha.

Kuhusu chakula, Mwislamu asitosheke na kuuliza kama kuna nyama ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe, yanayoitwa strutto, hutumika katika maandazi mengi na hata katika ganda la cannoli, vitamutamu vya mviringo vilivyojazwa jibini tamu, ambalo aghalabu hutiwa pia divai. Jifunze kusema "senza strutto, senza vino, senza maiale", yaani bila mafuta ya nguruwe, bila divai, bila nguruwe. Mkate wenye nyama za ndani unaouzwa mitaani Palermo uache. Mkononi mwako bado kuna utajiri: caponata ya biringani, tambi za biringani na nyanya za Catania, samaki wa kila namna, panelle baada ya kuuliza mafuta ya kukaangia, maziwa ya lozi, na granita, yaani barafu laini ya ndimu, asubuhi. Vijiji vingi vya bara vinapoteza vijana wanaokwenda kutafuta kazi kaskazini. Kwa hiyo kula chakula cha mchana kijijini badala ya kubeba cha mjini, na nunua jibini au lozi kwa aliyezitengeneza.

Siku za mwisho ziwe Catania, mji wa mawe meusi ya volkano chini ya Mlima Etna, wenye soko la samaki nyuma ya uwanja mkuu na Msikiti wa Rehema karibu na Piazza Cutelli. Kutoka hapo reli ndogo ya Circumetnea inauzunguka mlima kwa takriban kilomita 110 kupitia Bronte, inayolima pistachio na kuzivuna kila baada ya miaka miwili, na Randazzo, iliyojengwa kwa lava tupu. Haitembei Jumapili, na sehemu ya mwanzo hubadilishwa na basi wakati wa ujenzi, hivyo ulizia stesheni siku moja kabla. Etna ikilipuka, majivu huufunga uwanja wa ndege kwa saa kadhaa au siku nzima. Kwa sababu hiyo usipange ndege ya kuunganisha yenye muda mfupi siku ya kuondoka, na uache akiba ya usiku mmoja wa hoteli katika bajeti yako.